Sindano za Marehemu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956. Saa mbili asubuhi ya siku hiyo Machano Pandu, hamali wa bandarini Malindi, alimlaza mkewe Sichana juu ya rukwama ya kuchukulia magunia, akaisukuma mwenyewe mpaka Dispensari ya Sitara. Akaukuta mlango umefungwa. Akagonga kwa mkono, akagonga kwa kiatu, akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka. Saa tano akaigeuza rukwama akarudi alikotoka. Adhuhuri Sichana akafa, na kabla ya magharibi alikuwa keshazikwa.

Hayo hayakuandikwa popote. Yaliyoandikwa yalikuwa mengine, na Koplo Jaku alikuwa nayo mkononi, Jumatano tarehe 3 Oktoba, alipofunguliwa mlango wa mahabusu.

Kazi yenyewe alikwisha pewa na Inspekta asubuhi, imefungwa tayari kama barua ya kupeleka posta.

"Jambo dogo, Jaku. Mtu huyu kampa mwanamke mwengine cheti cha mkewe aliyekufa, mwanamke kenda kuchomwa sindano kwa jina la marehemu. Dispensari imemletea hesabu, hataki kulipa, kenda kumtukana karani. Mwandikie maelezo, atie dole gumba, kesho Alhamisi apelekwe kortini."

Wakubwa wakisema jambo dogo, maana yake haliwahusu wao. Jaku alipiga saluti akatoka. Alikuwa na miaka kumi na minane katika upolisi, sita ya mwisho akifanya kazi bila ya yunifomu, kwa kanzu na kofia kama watu wengine. Shule alifika darasa la nne tu. Akisoma karatasi aliufuata mstari kwa kidole, neno kwa neno, na wenzake walimcheka kwa hilo. Lakini mtu anayesoma kwa kidole haruki kitu.

"Machano."

"Naam."

"Nna karatasi yako hapa."

"Si yangu hiyo. Yangu nliichana mbele ya karani wao. Hiyo wameandika nyengine. Karatasi wanazo, hawa. Dawa ndiyo hawana."

Machano alikuwa amekaa chini, magoti juu, mtu mpana wa mabega anayekaribia miaka hamsini. Jaku akachutama mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Sichana binti Mcha. Cheti namba mia na kumi na mbili. Sindano tano. Tarehe 14 Agosti. 21 Agosti. 28 Agosti. 4 Septemba. 11 Septemba. Kila moja shilingi tisa. Jumla shilingi arobaini na tano."

"Mke wangu nlimzika tarehe kumi na nne. Hizo nyengine nne walimfuata kaburini?"

"Ndiyo nnayokuuliza."

"Waulize wao! Mimi nna sindano? Unajua waliileta lini karatasi yao? Siku ya arobaini. Watu wamekaa, hitma inasomwa, tarishi kaingia na barua ya muhuri. Mimi sisomi, Koplo. Nikasema, alhamdulillahi, dispensari imeleta rambirambi, walau wamejuta. Nikampa mwalimu, nikamwambia tusomee kwa sauti, mwalimu, na watu wasikie."

Jaku alikiinua kidole kutoka kwenye karatasi.

"Akasoma kwa sauti," akasema Machano. "Mpaka jumla."

Askari wa zamu kule mlangoni alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Machano hakumtazama.

"Na siku ya kufungua dispensari yao walisema nini? Walijipanga pale kamati nzima, na tai zao, na bendi inapiga. Toeni shilingi mbili, wakasema, mpewe cheti, mwaka mzima hamlipi tena. Nikatoa. Sasa wanasema bure ni kumuona dokta, sindano ina bei yake. Nani aliyesema ina bei yake? Imeandikwa nyuma ya cheti, wanasema. Nyuma ya cheti kwa Kiingereza!"

"Cheti kiko wapi?"

"Sijui. Alikuwa nacho mwenyewe."

"Inspekta anasema umeoa. Kwamba cheti anacho mke mpya."

Machano akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na raha.

"Nenda nyumbani kwangu ukamtafute. Ukimuona mwambie apike."

"Ntakwenda. Neno la mwisho. Siku ile ulipogonga, kufuli lilikuwa upande gani?"

"Kufuli?"

"Mlango ule ukifungwa, hutiwa mnyororo na kufuli kwa nje. Mimi hupita pale kila siku."

Machano alikunja uso, akiutazama tena ule mlango ndani ya kichwa chake.

"Nje hapakuwa na kufuli," akasema pole pole. "Mnyororo ulikuwa unaning'inia. Nliushika nkaupigia mlango, nikidhani utalia zaidi."

Jaku akaandika hilo kwenye kidaftari chake. Maelezo ya dole gumba hakuyaandika.

Nyumbani kwa Machano, Funguni, palikuwa na chumba kimoja, kitanda cha kamba, sahani moja na kikombe kimoja. Msumari wa kutundikia buibui ulikuwa mtupu ukutani. Hapakuwa na chanuo wala mafuta ya nywele, na mto ulikuwa mmoja. Jirani mmoja wa kike alisimama uani na ungo wa mchele, akamtazama koplo anavyopekua.

"Unatafuta nini, baba?"

"Mke wa Machano."

"Yuko kaburini."

"Mwengine."

Yule mama aliushusha ungo. "Mwengine! Na nani atamtaka? Mwanamme anaunguza mpaka chai! Jana kaniomba moto mara tatu, mara zote kauzima. Waambie waliokutuma, kama wanamuonea wivu, waje wale chakula chake siku moja tu."

Jaku alitoka, na ile njia ya kwanza, ya mke mpya, akaifuta. Ilikuwa njia ya Inspekta, na Inspekta hajapata kufika Funguni.

Dispensari ya Sitara ilikuwa nyumba ya ghorofa moja kwenye uchochoro nyuma ya Malindi. Chini ndipo wanapotibiwa watu, juu afisi ya kamati, yenye dirisha moja linalotazama mlangoni na pazia la kijani. Wagonjwa kumi na tano walikuwa wamebanana kwenye benchi moja fupi. Karani, kijana mmoja mwembamba aitwaye Abrahman, alikaa nyuma ya meza na kalamu mbili mfukoni.

"Namba," akasema bila kutazama.

"Koplo Jaku."

Karani alisimama. "Ah, Koplo! Ametia dole?"

"Bado. Nataka kuliona daftari."

Daftari lilikuwa kubwa, kila siku na ukurasa wake, tarehe zimeandikwa juu mwanzo wa mwezi zote kwa mara moja. Jaku akalifungua tarehe 21 Agosti, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa saba. Sichana binti Mcha, 112. Sindano. Ana nafuu.

"Huyu wa tarehe hii ulimuona mwenyewe?"

"Nilimuona. Alikuja na cheti, nikakipiga muhuri."

"Alikuwa na umri gani?"

"Koplo, alikuwa na buibui, kajifunika mpaka macho. Nimwambie afunue uso mbele za watu? Nitapigwa viatu. Mimi natazama namba. Mia na kumi na mbili, naandika mia na kumi na mbili."

"Sauti?"

"Ndogo. Kama ya mtoto wa kike." Abrahman akafikiri. "Na harufu."

"Harufu gani?"

"Karafuumaiti. Kila akipita mbele yangu. Mara ya kwanza nikajiambia labda kuna maiti amepitishwa njiani. Mara ya pili nikajua ni nguo yake. Siku zote nne ilikuwa hivyo."

"Nne au tano?"

"Tano," akasema Abrahman upesi. "Nilikusudia tano."

Jaku alirudisha ukurasa mmoja nyuma baada ya mwengine mpaka tarehe 14. Hapo pia mstari wa saba: Sichana binti Mcha, 112. Sindano. Ana nafuu.

"Siku hii mlifungua?"

"Daftari hilo hapo mbele yako."

"Naomba nilichukue."

"Haliwezi kutoka bila ya ruhusa ya kamati."

"Basi ntanakili."

Akavuta kiti. Alinakili majina yote ya tarehe 14, tisa, pole pole kwa mwandiko wake wa darasa la nne, kisha akafungua tarehe 21 akaanza tena. Abrahman alihema. Wagonjwa wakaanza kunung'unika. Bibi mmoja kwenye benchi akasema kwa sauti ya kusikiwa, "Huyo naye anajifunza kuandika, au vipi? Sisi tunakufa hapa." Jaku alipofika jina la tatu la orodha ya pili alisita, akatazama orodha ya kwanza, akaendelea mpaka mwisho. Akafunga kidaftari chake, akashukuru, akatoka.

Nje alisimama akautazama mlango. Mnyororo, pete, kufuli kubwa la shaba likining'inia wazi. Kwa ndani, komeo la mbao. Akatazama juu. Pazia la kijani lilikuwa limetulia.

Alirudi mahabusu kabla ya adhuhuri.

"Machano, nisikilize vizuri. Mkeo cheti alikiweka wapi?"

"Wanawake wanaweka wapi vitu vyao? Kwenye pindo la kanga, kafunga fundo."

"Kanga gani?"

"Aliyotoka nayo siku ile. Alisema lazima tuwe na cheti mkononi, wasije wakatufukuza kwa kukosa cheti." Machano akashusha sauti. "Alijua adabu, Sichana. Alikuwa hawezi kunyanyua kichwa, anafunga cheti."

"Ulilifungua lile fundo?"

"Mimi?" Hamali alimtazama kama kwamba ameulizwa kama amepata kuiba. "Miaka kumi na tisa nimekaa naye sijapata kufungua pindo la mke wangu. Pindo la mwanamke ni kama sanduku lake. Ntalifungua siku aliyokufa?"

"Na kanga yenyewe iko wapi?"

"Ilikwenda na waosha. Si ndiyo haki yao? Nguo aliyofia mtu hupewa aliyemuosha."

Jaku alikwisha simama. Karafuumaiti hunukia wapi ikiwa hakuna msiba? Hunukia kwenye sanduku la mtu ambaye msiba ndiyo kazi yake.

"Nani alimuosha?"

"Bi Kazija. Hapo hapo Funguni, nyumba ya pembeni ya kisima."

Bi Kazija alikuwa anachambua mbaazi kizingitini. Mwanamke wa miaka sitini, mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mimi Koplo Jaku."

"Basi hujaja kwangu kwa heri. Watu wema huja kwangu kwa maiti."

Alimkaribisha ndani hata hivyo. Chumba kilinukia kama Jaku alivyotarajia. Pembeni palikuwa na sanduku la mbao, na nyuma ya pazia la shuka mtu mwengine alikuwa anatembea, hatua nyepesi.

"Nimekuja kwa ajili ya kanga za Sichana, mke wa Machano hamali. Pindoni mlikuwa na cheti."

Mbaazi zikasimama mkononi. Nyuma ya pazia hatua zikasimama pia.

"Machano kakutuma?"

"Machano yuko ndani, Bi Kazija. Kesho anapelekwa kortini. Wanasema amempa cheti mwanamke wake. Akishindwa kesi ni jela ya Kiinua Miguu, na akitoka kibarua bandarini hana tena."

"Mwanamke wake!" Bi Kazija alipiga goti. "Yarabi. Mwanakheir, njoo."

Pazia likafunguka. Msichana wa miaka kama kumi na saba, mwembamba, kanga kichwani. Macho yake yalikuwa makubwa kwa ugonjwa ambao ulikuwa umekwisha, lakini bado haujarudisha nyama zake zote.

"Mjukuu wangu," akasema Bi Kazija. "Kifua. Alikuwa anakohoa mpaka anakaa usiku kucha. Nlimpeleka pale kwao mara mbili, kabla hajafa Sichana. Wakasema bila cheti haingii. Nikasema basi niuzieni cheti, shilingi mbili nnazo. Wakasema vyeti vimekwisha. Vimekwisha! Mwezi mmoja! Wamegawana wenyewe kwa wenyewe, wake zao na watumishi wa wake zao. Nikarudi. Halafu baada ya msiba nikafua zile kanga, nikafungua fundo, nikakiona. Nikasema huyu aliyekwenda hakihitaji tena, na huyu wangu anakohoa. Nimefanya dhambi, najua. Lakini Wallahi sikujua kama kuna kulipa. Walisema bure. Sote tulikuwapo pale tunasikia bendi."

"Alikwenda mara ngapi?"

"Nne," akasema Mwanakheir. Sauti yake ilikuwa ndogo kweli. "Kila Jumanne. Ya mwisho dokta akasema basi, nimepona."

"Kiko wapi?"

Msichana alifungua pindo la kanga yake, akampa. Jaku akakigeuza. Mihuri minne, na tarehe nne kwa mwandiko wa Abrahman. 21 Agosti, 28 Agosti, 4 Septemba, 11 Septemba. Tarehe 14 haikuwepo.

Akakiweka juu ya goti, akavuta pumzi.

"Bi Kazija, sasa nakuuliza jambo gumu. Daftari lao linasema Sichana alichomwa sindano tarehe 14, asubuhi ya siku ile ile aliyokufa. Wewe ulimuosha siku hiyo hiyo. Mwili wake ulikuwa—"

"Nyamaza." Bi Kazija alisimama. "Hilo usiniulize. Miaka thelathini naosha watu. Nimeona makovu, nimeona mimba, nimeona waliopigwa na waume zao. Hakuna aliyesikia neno kutoka kinywani mwangu. Ninachokiona juu ya ubao kinabaki juu ya ubao. Ukianza kusema mwili wa huyu ulikuwa hivi, nani atanipa mtu wake nimuoshe?"

"Sikuulizi aibu yake."

"Yote ni amana, aibu na isiyo aibu."

"Mumewe atafungwa."

"Na mimi ntakwenda nikaseme kwamba cheti nlikichukua mimi. Nifungwe mimi. Lakini maiti simsemi."

Jaku alijua kubishana na mtu wa namna ile ni kupoteza siku. Akanyanyuka, akavaa viatu mlangoni, na akiwa ameinama akasema kama anayejisemea:

"Wameandika ana nafuu. Tarehe 14. Sindano, ana nafuu. Na yeye alikuwa nje juu ya rukwama."

Mwanakheir alimtazama bibi yake.

"Wameandika hivyo?" akauliza Bi Kazija.

"Kwa wino."

"Wao wamemsemea uongo maiti," akasema Bi Kazija, pole pole, kama anayepima. "Walionyamaza ni sisi, waliosema ni wao." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mikono yake nliiosha mara tatu, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, kama sheria inavyotaka. Na mapaja, na mgongo. Hakuna tundu la sindano. Mwili wa marehemu ulikuwa safi. Hilo si aibu yake, ni aibu yao, na aibu yao sikuwekewa amana."

Alasiri Jaku alimtoa Machano mahabusu kwa kumwambia askari wa zamu kwamba anampeleka kutambua ushahidi. Njiani alimweleza habari za cheti.

"Kapona?" akauliza Machano.

"Nani?"

"Huyo mtoto wa Bi Kazija."

"Kapona."

Machano aliitikia kwa kichwa, wakaendelea.

Dispensari ilikuwa inakaribia kufungwa. Dokta Muhiddin mwenyewe alikuwapo, mtu mnene kidogo, mpole wa sauti, koti jeupe limepigwa pasi. Abrahman alisimama pembeni ya meza. Jaku aliomba daftari, akalifungua tarehe 14, na pembeni yake akaweka kidaftari chake kwenye orodha ya tarehe 21.

"Dokta, mimi nasoma pole pole. Nisaidie. Soma majina ya tarehe 14, na mimi nasoma ya tarehe 21."

Dokta akasoma la kwanza. Jaku akasoma la kwanza. Lilikuwa lile lile. La pili, lile lile. Walipofika la nne Dokta Muhiddin aliacha kusoma kwa sauti, lakini macho yake yaliendelea kushuka mpaka chini.

"Wagonjwa tisa," akasema Jaku. "Wiki mbili, watu wale wale, na foleni ile ile, wa kwanza wa kwanza na wa mwisho wa mwisho. Hata dawa zao zile zile. Tarehe 21 Sichana yuko wa saba kwa sababu mwanamke mmoja alikuja na cheti chake. Hilo nalijua, na huyo mwanamke namjua. Lakini tarehe 14 cheti kilikuwa kimefungwa kwenye kanga ya mwenyewe, nje ya mlango huu. Hakina muhuri wa siku hiyo. Na aliyemuosha anasema hakuna sindano iliyoingia mwilini mwake. Ukurasa wa 14 ulibaki mtupu, Dokta. Kuna mtu aliunakili kutoka wa 21 baadaye, na akamnakili na maiti bila ya kujua."

Benchi lilikuwa tupu sasa.

"Mwandiko ni wako, Abrahman."

"Niliambiwa nisiache ukurasa mtupu," akasema karani. Kijasho kilikuwa juu ya mdomo wake. "Mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Mimi ni mtu wa kuambiwa, Koplo."

"Na nani?"

Abrahman alimtazama Dokta Muhiddin. Dokta Muhiddin aliyatazama mafundo ya viatu vyake.

"Mimi siku ile niliambiwa nisije," akasema. "Sote wawili. Tuliletewa habari usiku wa kuamkia Jumanne, tubaki majumbani."

"Na nani?"

Dokta aliinua uso, akajaribu kutabasamu.

"Tusiyakuze haya, Koplo. Kosa limetokea, binadamu tunakosea. Ndugu Machano, hesabu tunaifuta yote. Shilingi arobaini na tano tumekusamehe. Mashitaka tunayaondoa. Nenda zako nyumbani, bwana, na Mungu amrehemu marehemu."

Machano alikuwa amesimama karibu na mlango muda wote huo, mkono wake umeshika komeo la mbao, akilivuta na kulirudisha, akilivuta na kulirudisha.

"Sikuja kusamehewa," akasema.

"Ndugu yangu..."

"Nne ntalipa. Thelathini na sita. Kidogo kidogo, kila Jumamosi nikipokea, karani ataniandikia. Zile zilichomwa, na aliyechomwa kapona, na hakuna mtu atakayekwenda kumuuliza kitu yule mtoto. Umesikia, Dokta? Nalipa ili asiulizwe. Lakini ya tano silipi, na wala sisamehewi. Ya tano nataka nionyeshwe."

"Uonyeshwe nini?"

"Nlikaa hapo nje saa tatu nzima." Machano alilivuta komeo mpaka mwisho, likalia kwa ndani. "Nimebeba milango kama huu bandarini, naijua. Ukiondoka nyumbani unafunga kwa nje, kwa kufuli. Komeo hili halifungwi na mtu aliye nje. Kufuli halikuwepo. Na mlango haukufunguka."

Jaku alitoa mfukoni ile karatasi ya maelezo, ile aliyopewa na Inspekta kwa ajili ya dole gumba la Machano. Ilikuwa bado nyeupe. Akainama juu ya meza, akaandika mstari mmoja, pole pole, akaigeuza ikawaelekea Dokta na karani, akaweka kalamu ya Abrahman juu yake.

*Jumanne tarehe 14 Agosti, tangu saa mbili mpaka saa tano asubuhi, nani alikuwa ndani ya nyumba hii?*

"Anayejua aandike," akasema. "Halafu atie sahihi."

Dokta Muhiddin hakuigusa kalamu. Abrahman aliinyooshea mkono, akaurudisha. Hapo ubao wa dari ukalia juu ya vichwa vyao, kwenye afisi ya kamati, mara moja, kisha tena, hatua za mtu aliyevaa viatu vizuri zikielekea upande wa dirisha.

Machano alinyanyua macho.

"Na huyo wa juu," akauliza, "nani kamuuliza?"